Fungu la Wasioambiwa

Mwantumu Shelukindo hakuwa na mazoea ya kufungua ukurasa wa kaka yake. Asubuhi ile aliufungua, ila hakuufungua kwa macho yake mwenyewe. Aliufungua kwa macho ya mama yake.

Kwa mtu wa kazi yake jambo hilo halikuwa na ugumu. Pale Ukumbi, kampuni iliyobeba kurasa za karibu watu wote wa pwani, kila mpanga mafungu alikuwa na kioo mezani kwake. Unataja jina la mgeni, kioo kinakuonyesha ukurasa kama mgeni huyo anavyouona. Maana siku hizo hapakuwa na ukurasa wa sura moja. Ukurasa wa zahanati ulizungumza taratibu na mzee, ukazungumza na kijana kwa haraka. Ukurasa wa muuza mabati ulimwonyesha fundi vipimo na unene, ukamwonyesha mjane paa linalovuja likizibwa. Mtandao ulimjua mgeni kabla hajabisha hodi: umri wake, mtaa wake, saa anayopenda kuja, jicho lake linatua wapi, amefiwa na nani, moyo wake unapigaje. Hizo ziliitwa sifa. Wageni ambao sifa zao zilifanana walitiwa fungu moja, na kila fungu likapikiwa chakula chake.

Mwantumu ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Alikuwa mpishi hodari, tusimnyime haki yake, na tena alipika kwa moyo mweupe.

Sifa za mgeni wa asubuhi ile alizijua hata bila kioo. Mwanamke. Amepita sabini. Makorora, Tanga. Mjane. Moyo umepasuliwa, unaendelea kupona. Huja baada ya sala ya alfajiri. Jina la heshima: Mama Hemedi. Na chini kabisa, kwa rangi ya majivu: Hajaambiwa.

Kioo kikawaka. Kwanza yakatokea maandishi makubwa ya kumfaa mtu wa miwani: Karibu, Mama Hemedi. Kisha akatokea Hemedi mwenyewe, kofia ya kazi kichwani, nyuma yake minara ya upepo ya Singida ikizunguka polepole.

"Shikamoo mama. Dawa umekunywa? Usiziache, mama." Akatabasamu. "Idd hii nakuja. Sikosi, niwekee nafasi yangu."

Mwantumu alikifunika kioo kwa kiganja, kisha akakizima.

Hemedi alikuwa amelala kaburini Mombo, pembeni ya baba yao, tangu mwezi wa Rajabu. Alianguka kutoka kwenye mmoja wa minara ile ile.

Alimfuata Bwana Kapinga, msimamizi wa mitambo, aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi dirishani.

"Nani ameandika habari ya Idd kwenye ukurasa wa kaka yangu?"

"Hakuna aliyeandika." Kapinga aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa Songea, mpole, na maneno yake aliyapima. "Mtambo unajaribu wenyewe, dada Mwantumu, unajua. Unatengeneza kurasa kadhaa, unampa mgeni hii, kesho unampa ile. Inayomrudisha ndiyo inayobaki. Mama aliposikia salamu tupu alikuwa anaondoka upesi. Alipoulizwa dawa akakaa mpaka mwisho. Juzi mtambo ukajaribu ahadi. Siku hiyo alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka magharibi. Kwa mtambo hiyo ni furaha kubwa, kwa hiyo ahadi imebaki."

"Lakini hatakuja."

"Mtambo hauna sifa ya kuja. Una sifa ya kurudi."

"Basi mtoe kwenye fungu."

"Kumtoa naweza sasa hivi. Ila kesho alfajiri atafungua ukurasa akutane na kifo kimeandikwa, yuko peke yake na mswaki mdomoni. Hilo unalitaka?" Akamwangalia kwa huruma. "Kanuni ni yako. Hatoki mtu mpaka aambiwe kwa mdomo, na aliyemwambia aweke dole gumba."

Ilikuwa yake kweli, na wala hakuizua. Aliichota kwao. Watu wa kwao hawamwambii mtu msiba kwa simu. Wanakwambia baba yako anaumwa kidogo, hebu njoo. Wanakutafutia mtu wa kusafiri nawe, asiyesema kitu njia nzima ila kukununulia maji. Ukishuka stendi unamkuta mjomba amesimama, naye hakutazami usoni. Ukifika nyumbani ukaona mikeka nje, hapo ndipo wanakushika mikono yote miwili na kukwambia, na hapo hata miguu ikikataa kuna watu wa kukudaka. Kisha kurasa zikaja zikaharibu mambo. Watu wakawa wanapata vifo vya ndugu zao sokoni, darasani, kwenye foleni ya benki, hawana wa kuwashika. Mwantumu alimwona msichana mmoja ameketi chini katikati ya barabara na simu mkononi, magari yakimpigia honi. Aliporudi ofisini akatengeneza Fungu la Wasioambiwa. Mwenye kustahili kufichwa akawa anauona ukurasa wa marehemu kama jana na juzi, picha zile zile, sauti ile ile, mpaka mtu wake afike amwambie. Masheikh waliusifu mpango huo, na maaskofu wakausifu. Mwantumu alipewa ngao ya mbao ambayo aliitundika chooni ili wageni wasidhani anajidai.

Siku ya Hemedi mama yao alikuwa amelala chini ya visu vya madaktari, Dar es Salaam. Mwantumu alikuwa hapo hapo mezani. Kioo kikaandika: Marehemu mpya, Hemedi Shelukindo. Wageni wa kufichwa: mama, dada. Thibitisha. Akathibitisha. Vidole vilifanya kazi vilivyozoea, ndipo macho yakarudi kusoma jina. Baada ya hapo ndiye aliyempigia mjomba, akatafuta gari la kubeba maiti, akazungumza na daktari, ambaye alisema mama asiguswe na habari mbaya mpaka moyo ukae sawa. Walimzika haraka, hawakuweka matanga, maana matanga yangemfikia mama. Jina la Mwantumu lilibaki kwenye fungu chini ya la mama yake. Dada. Hajaambiwa. Aliona ni upuuzi kujitoa mwenyewe, akaliacha. Ndiyo sababu hakuufungua ukurasa ule kwa macho yake. Angeufungua, Hemedi angemsalimia.

*

Mjomba Shekue alikuwa fundi wa kanzu pale Ngamiani, na wiki ya Idd ilimkuta kila mwaka amezikwa kwenye vitambaa vyeupe mpaka kidevuni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kanzu nimefunga, sipokei tena, hata za wa kwetu."

"Sikuja kwa kanzu."

Mashine ya kushonea ikasimama. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha mteja, akaivaa tena. Yeye ndiye kaka pekee wa mama yao, na kwao habari nzito hubebwa na ndugu wa mama. Hospitali ilipomruhusu mgonjwa, na daktari aliposema sasa anaweza kuambiwa, Mwantumu alimkabidhi mjomba kazi hiyo, akarudi ofisini kungoja dole gumba lake. Akangoja Shaabani yote, akangoja Ramadhani, akangoja mfungo mosi na mfungo pili, mpaka Idd ya kuchinja ikakaribia.

"Nakwenda kila Ijumaa," mjomba alisema kabla hajaulizwa. "Wallahi nakwenda. Njiani nasema leo leo. Nikifika dada ananiwekea wali na samaki wa kupaka. Nasema nile kwanza, msiba haufai mtu ana tonge mkononi. Nikimaliza ananiletea maji ya kunawa, ananitazama, anasema, Shekue umekonda, kula tena. Nami nakula tena. Kisha adhana ya alasiri hiyo."

"Mjomba, wewe umenenepa."

"Nimenenepa," alikubali kwa huzuni. "Nimenenepa kwa woga."

Walitaka kucheka wote wawili, lakini kicheko hakikutoka.

"Huo mtambo wako unajua kusema kuliko mie," akasema. "Si uuambie umwambie?"

"Mtambo umemwambia Hemedi anakuja Idd."

Mjomba Shekue alishika utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akauvuta huku na huku asijue anaufanyia nini. Kwenye kamba nyuma yake zilining'inia kanzu za watoto wa watu, zimepigwa pasi, zinangoja wenyewe waje kuzichukua. Mwantumu aliona macho ya mzee yakizipitia moja moja.

"Atamngoja mlangoni," mjomba alisema.

"Atamngoja."

"Basi hapo tumekuwa wanyama." Akainama. "Nenda wewe. Najua haifai mtoto kubeba habari hiyo kwa mzazi. Haifai kabisa. Lakini mie ulimi umenigandia, mwanangu, na siku zimekwisha. Nenda, nami nifunge duka nije nyuma yako. Nikikuta umeshasema nitakuwepo wa kumshika."

Mwantumu alimjua mjomba wake. Alijua atalifunga duka hilo polepole sana.

*

Makorora ilikuwa na shughuli za Idd. Mazulia yalikuwa yameanikwa ukutani na watoto walikuwa wakifukuzwa jikoni. Langoni kwa mama alimkuta jirani, Bi Mwanakombo, akipepeta mchele, mwanamke aliyekuwa amekaa ukuta mmoja na mama tangu wote wawili ni maharusi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, Mama Mwantumu yumo ndani." Kisha akashusha sauti, ungo ukatulia mikononi. "Bado?"

"Nimekuja kwa hilo."

Bi Mwanakombo alikaza kanga kiunoni, akaendelea kupepeta, lakini mchele ulikuwa ukimwagika nje ya ungo.

Ndani palikuwa kimya. Mwantumu alipita jikoni kwanza, kwa vile miguu haikutaka kufika haraka. Alitarajia kukuta magunia, nazi zimepangwa, viungo vimesagwa, maana mama yao akimngoja Hemedi jikoni hapapitiki. Palikuwa peupe. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imetundikwa ukutani, kavu, na buibui alikwishaanza kazi kati ya mguu na meno yake.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, miguu ameinyoosha kwenye jamvi, kovu la kifua likichungulia juu ya gauni. Ukutani mbele yake palikuwa na kile kibao cha kufungulia kurasa, kimezimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo kazini hawakutaki?"

"Nimeomba ruhusa." Alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalikuwa yamekwisha. Akasema jambo ambalo baadaye alilionea haya mwenyewe. "Idd ndiyo hii, mama. Mbona hujanunua nazi?"

"Nazi za nini?"

"Si... si Hemedi anakuja?"

Mama alimtazama. Lilikuwa jicho lile la zamani, la kumtazama mtoto aliyesema hakula sukari huku sukari iko kidevuni.

"Kakwambia nani anakuja?"

"Ukurasa."

"Wewe unaufungua ukurasa wa kaka yako?"

"Hapana."

"Najua huufungui. Ondoka hapo mlangoni, njoo ukae hapa."

Mwantumu akaja akakaa chini, kwenye jamvi.

"Wewe na Hemedi ni wanangu, nimewazaa kwa tumbo hili," mama alisema. "Hemedi Idd gani alisema anakuja akaja? Alikuwa anasema haji, kazi nyingi, halafu watu washakula, vyombo vishaoshwa, anatokea na mguu wa mbuzi begani anataka apikiwe. Yule wa ukutani anaahidi. Tena ananiuliza dawa! Mwanangu mie hakuniuliza dawa hata siku moja. Alikuwa akiniuliza, we kizee bado upo tu? Nami namtupia kandambili." Akakionyesha kibao kwa kidevu. "Yule kafundishwa adabu na nani?"

"Mama, umejua lini?"

"Siku niliyotoka hospitali. Ulinileta wewe mwenyewe, umesahau? Nikashuka garini hapo nje, nimeshika kifua. Mwanakombo akaja mbio kunipokea mkoba. Akasema, karibu nyumbani, Mama Mwantumu."

Nje mchele uliendelea kupepetwa.

"Miaka yote niliyokaa mtaa huu naitwa Mama Hemedi. Mwenye duka, Mama Hemedi. Imamu akituma mtoto, kamwite Mama Hemedi. Wewe ulipozaliwa hakuna aliyebadilisha, na wala hukulia. Nikatazama nyuma nione labda anaitwa mtu mwingine. Akaja muuza maji, shikamoo Mama Mwantumu. Akaja mke wa imamu, Mama Mwantumu pole na safari. Kila mmoja alikuwa analiogopa jina la mwanangu mdomoni mwake. Nimetoka hapa Mama Hemedi, nimerudi Mama Mwantumu. Nikajua amekufa. Nikasema ahsanteni, nikaingia ndani nikalala."

Mwantumu alikumbuka langoni, muda mfupi uliopita. Alikuwa amelisikia jina hilo, akapita nalo asijue amebeba nini. Kwenye kioo chake alikuwa na sifa za mama yake kwa makumi, mpaka hesabu ya mapigo ya moyo, na hii haikuwemo.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Mmejipanga mtaa mzima. Shekue anakuja Ijumaa amejaza machozi shavuni, namwekea wali ayameze. Nikaona hawa wananionea huruma, ngoja na mie niwaonee huruma." Akakitazama kibao ukutani. "Na pia ulikuwepo huo. Huo ndio peke yake ulioniita jina langu. Nikitoka kuswali naufungua, unaniandikia, Karibu, Mama Hemedi. Nasoma. Kisha nauzima upesi kabla yule hajaanza kusema, maana si yeye. Ile siku ya habari ya dawa nilishindwa kuuzima, nililia. Na juzi aliposema Idd, nikasema basi, kumbe hata hapa wanacheza. Nikauzima. Nikautamani. Nikaufungua nisome jina, nikauzima. Nilishinda hivyo mpaka jua linazama."

Mtambo ulihesabu hayo ukayaita furaha. Mwantumu alifunika uso kwa viganja. Alitaka kusema nisamehe, na neno likawa dogo mno.

"Na wewe?" mama aliuliza.

"Mimi nini?"

"Wewe alikwambia nani?"

"Mimi nilijua, mama. Nilijua kabla ya watu wote. Kioo cha kazini..."

"Sikuulizi ulijuaje. Nakuuliza alikwambia nani."

Mwantumu alifikiri. "Hakuna."

"Nani alikukalisha chini? Nani alikushika?"

"Palikuwa na kazi nyingi, mama. Gari la kumleta. Kaburi. Wewe uko hospitali, daktari anataka sahihi. Mjomba nilimwambia mimi. Imamu nilimwambia mimi. Sikupata..."

"Hukulia."

"Sikupata nafasi."

Mama alijizoa kutoka kwenye jamvi kwa shida, mkono kifuani, akakataa kusaidiwa. Alikwenda chumbani, akarudi na mkeka mpya wa ukindu ambao haujakaliwa, akautandika katikati ya sebule. Kisha akatoa kanga mbili. Moja alijifunika mwenyewe, na nyingine akamfunika binti yake kichwani na mabegani, akaiweka sawa kama anavyofunikwa mtoto anayetoka kuogeshwa. Akaketi mbele yake, goti kwa goti, akamshika mikono yote miwili.

"Mwantumu."

"Labeka, mama."

"Unajua kaka yako alikuwa Singida."

"Mama, tafadhali."

"Nisikilize. Kaka yako alikuwa Singida kazini. Alipanda mnarani kama siku zote. Mungu amempenda kuliko sisi." Mikono ya mama ilikaza. "Hemedi hatunaye, mwanangu. Hemedi amekufa."

"Hapana," alisema Mwantumu.

Yeye aliyethibitisha kwa kidole chake, aliyechagua ubao wa jeneza, aliyemwona akishushwa. Hapana, alisema, kama wanavyosema wote wanaoambiwa, akajaribu kuiondoa mikono yake na mama hakuiachia. Hapana, hapana, mama, hapana. Kisha kikapanda kitu kutoka tumboni, kilichokuwa kimekaa humo tangu Rajabu, na alipofungua mdomo alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Aliulilia mguu wa mbuzi. Aliililia kandambili. Alilia kwa sababu angempigia Hemedi kumweleza haya yote na Hemedi angecheka mpaka akohoe. Mama alimvuta kifuani, upande ambao hauna kovu, akamwacha alie.

Kibao ukutani kilikuwa kimesikia. Kikawaka chenyewe na kuandika majina mawili, moja chini ya lingine, na mbele ya kila moja swali: Nani amemwambia?

Mama aliyasoma kwa miwani yake. "Hicho kinataka nini?"

"Dole gumba," alisema Mwantumu, pumzi zikimkatika. "Aliyemwambia mwenzake aweke dole. Ukiweka, ukurasa unabadilika. Yule hataongea tena." Akafuta pua kwa kanga. "Na hautakusalimia, mama. Ukurasa wa marehemu hausalimii mtu. Ule wote wanauona sawa."

Hakumficha hilo. Alikuwa amemaliza kuficha.

Mama alikitazama kibao kwa muda. Kisha alisimama, akaenda mpaka ukutani, akaweka dole gumba mbele ya jina la binti yake. Akasogea pembeni. "Na wewe njoo."

"Lakini mimi sikukwambia. Ulijua mwenyewe."

"Kwa hiyo niambie."

Mwantumu alimfuata. Alimshika mikono yote miwili, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, na akaona ni mikono midogo kuliko alivyodhani.

"Mama," alisema, "Hemedi amefariki."

"Nimesikia," mama alijibu. Na hapo ndipo alipolia, wima, bila kujifunika uso.

Mwantumu aliweka dole lake. Minara ya Singida ikafifia, kofia ikafifia, na tabasamu likafuata. Pakabaki jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na maneno: Amezikwa Mombo. Mama aliendelea kukitazama kibao huku machozi yakimtiririka, akingoja kwa mazoea kile kilichokuwa kikija kwanza. Hakikuja.

Nje ungo ulikuwa umeanguka. Mlango wa jirani uligonga ukuta, kisha mwingine, kisha mwingine tena mbele zaidi. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Wanawake wa Makorora walikuja mbio na kanga zao kiunoni na mikeka kwapani, wanaume wakaanza kutoa viti nje, na mtu akawa anapiga kelele masufuria makubwa yako kwa nani. Mtaa mzima ulikuwa umebana pumzi tangu Rajabu. Mjomba Shekue alifika utepe bado uko shingoni, akasimama kizingitini, akajifunika uso kwa kofia yake na mabega yakamtikisika.

Bi Mwanakombo ndiye aliyeingia wa kwanza. Punje za mchele zilikuwa zimemganda kwenye mikono. Alimkumbatia mwenzake kwa nguvu mpaka Mwantumu akaogopea mshono, akaanza kusema jambo, akashindwa, akameza mate.

"Pole," alisema. "Pole, Mama Hemedi."

Mama alipaswa kujibu kwamba ameshapoa, kama watu wanavyojibu. Hakujibu hivyo. Aliweka kichwa chake begani kwa jirani yake, akafumba macho.

"Niite tena," alisema.